Nyumba Yapakwa Rangi Nami Nimo Eda

Mtu akikutengenezea nyumba yako wewe uko safarini, ukirudi utashangaa tu. Lakini akikutengenezea nawe umo ndani humo humo, wasikia kila kitu na huoni hata kimoja, hapo huna la kushangaa, hapo wapandwa na wazimu. Mie yalinipata. Sasa nacheka, na wajukuu wangu wanipenda nikihadithia habari hii, maana wajua nikifika pale kwenye mahamri nitainuka niwaonyeshe kila mtu alivyokuwa amekaa. Lakini wakati wenyewe, wallahi, sikucheka.

Ilikuwa Malindi, miaka ile ya themanini, hoteli mpya zafunguliwa kila ukigeuka shingo, na kila nyumba ina kijana wake afanyaye kazi hoteli. Mume wangu alikuwa amefariki. Aliugua kifua, si muda mrefu, akaenda zake, Mungu amrehemu. Alikuwa mpole, hata kufa kwake alikufa kama mtu atokaye chumbani asitake kumwamsha mwenzake. Basi nikaingia eda.

Kwa wasiojua, eda ni miezi minne na siku kumi mjane yumo ndani. Hatoki. Havai nguo za kung'ara, hajitii udi wala wanja. Na ada ya kwetu, ile niliyoikuta kwa mama mkwe wangu, hata sauti yako isisikike na wanaume wa nje. Sheria hasa yasemaje, waulizeni wenye elimu. Mie chuo cha Kurani niliishia juzuu chache, na skuli nilipita mlangoni nikatoka. Nasema tulivyokuwa tukifanya. Sasa shemeji yangu, ndugu mdogo wa marehemu, naye ni mwanamume wa nje. Akija kutujulia hali hukaa barazani, mie nimo ukumbini nyuma ya dirisha, na maneno yapita kwa wifi yangu.

Huyu wifi ndiye dada yao mkubwa. Aliachika zamani, na nilipofiwa alikuja na mkeka wake akakaa nami eda yote nisiwe peke yangu. Mtu mwema. Mwema kupita kiasi, na taabu yangu yote ilianzia hapo. Wifi yangu hawezi kumpelekea mtu neno kali. Mpe neno lenye pilipili alipeleke hapo mlangoni, akifika nalo ashaliosha, ashalitia sukari, mwenye kupelekewa hulipokea kama halua.

Na nyumba yenyewe niwaambie ilivyokuwa. Nyumba ya mawe ya matumbawe, kuta nene hivi, ukinyoosha mkono dirishani ule ukuta waumeza mpaka kiwiko. Aliijenga baba yao. Nje ilikuwa nyeupe, chokaa tupu. Kila mwaka kabla ya Ramadhani mume wangu alikuwa akikoroga chokaa kwenye debe, atia chumvi ishike, atia nili kidogo ule weupe uwe mweupe kweli, kisha anapaka mwenyewe huku aimba kasida kwa pua. Na mbele, ubavuni mwa mlango, huku na huku, mabenchi mawili ya mawe yaliyojengwa pamoja na ukuta. Sie twaita baraza.

Baraza lile ndilo lililokuwa likinilisha. Mume wangu alikuwa mshonaji kofia, na kofia hainunuliwi kila siku. Mahamri hununuliwa kila siku. Alfajiri watu wakitoka msikitini wanikuta, karai iko motoni ndani, mahamri na mbaazi za nazi ziko kwenye sinia hapo juu ya baraza, wao wakaa wala, wazungumza, waenda kazini. Miaka yote hiyo. Na sasa bwana hayupo, mahamri ndiyo yaliyobaki. Nilikuwa nimeshalipanga kichwani mwangu: nitamaliza eda, asubuhi ya pili nakaanga.

La sivyo ni Mtwapa. Mwanangu wa kiume alikuwa Mtwapa, fundi wa magari, amepanga chumba kimoja yeye na mkewe na watoto, na upande wa pili wa ukuta ni baa. Muziki usiku kucha. Alinipenda mwanangu, akasema, "Mama, utakuja kukaa kwangu." Nikamwuliza nitalala wapi. Akafikiri. Akasema, "Tutatia pazia." Basi mie nikawa nalala naliota lile pazia.

Sasa shemeji. Shemeji yangu alikuwa akifanya kazi hoteli moja kubwa pale Malindi, kazi yake kuangalia nje, maua, ukuta, rangi. Na kazi ile ilimwingia. Hawezi kupita ukuta wa mtu asiutazame. Siku moja baada ya kama mwezi wa eda akaja jioni, akakaa barazani, akamwita dada yake.

"Dada, hebu tazama ukuta huu. Tazama ukungu huu. Watoto wameandika makaa mpaka juu ya dirisha. Nyumba ya marehemu kaka yangu imekuwa kama gofu, na watu watakuja siku ya kutoka eda, watasema nini?"

"Watasema la ilaha illallah," wifi akajibu.

"Watasema ndugu zake wamemsahau! Mie nitaitengeneza. Hii chokaa nitaikwangua yote, nitie simiti, ikae sawa kama kio. Kisha rangi ya mafuta. Hoteli wamebakisha mikebe, wamesema nichukue. Na haya mabenchi ya kizamani nitayavunja, niweke nguzo mbili hapa, na vyungu vya maua. Shemeji akitoka eda asiijue nyumba yake!"

Mie nyuma ya dirisha sindano ikanichoma kidole, maana nilikuwa nashona. Asiijue nyumba yake! Nikamvuta wifi kanga aliporudi ndani.

"Wifi, nenda kamwambie, chokaa yatosha. Na baraza asiliguse. Akivunja baraza amenivunja mie miguu. Mwambie hivyo hivyo."

Wifi akatoka. Mie sikio kwenye mbao za dirisha. Nasikia akikohoa kidogo, akisema, "Shemeji yako asema ahsante sana, Mungu akulipe heri."

Jamani!

Akarudi amekunja mikono kifuani kama mtu aliyemaliza kazi. Nikamwuliza, "Hayo ndiyo niliyokwambia?"

"Wifi yangu, ni msiba. Mtu hajazoea hata kufiwa na ndugu yake, nimpelekee maneno ya kuvunjana miguu? Nitamwambia pole pole."

Pole pole yake ikawa hivyo miezi mitatu. Kila niliposema hapana, huko nje ilifika inshallah. Niliposema asithubutu, ilifika asijichoshe. Siku moja nilikasirika nikamwambia, "Mwambie mimi sitaki!" Akaenda akamwambia, "Shemeji yako hataki usumbuke peke yako, tafuta fundi akusaidie." Na kweli akamtafuta fundi.

Fundi alitoka upande wa Kaloleni, mtu mnene mwenye kicheko, nasikia tu, sikumwona. Asubuhi akifika humwamkia wifi, "Mulamukadze!" na wifi hujibu kwa Kiswahili chake, basi waenda hivyo hivyo wasalimiana kila mtu kwa lugha yake mpaka chai iishe. Wakakwangua chokaa. Jamani, ile sauti. Siku nzima kwarr, kwarr, kwarr, kama mtu akwangua ukoko kichwani mwangu. Vumbi laingia kila tundu, twala wali wa chokaa, nakohoa, nami siruhusiwi hata kutoka nje nikatema mate. Kisha simiti. Kisha, siku ya rangi, harufu ya mafuta yale, nikadhani nimelewa, na mie tembo sijapata kuonja maishani.

Nikataka kujua, rangi gani? Nyumba ni yangu, nimo ndani yake, na mji mzima waijua rangi yake isipokuwa mie. Wanawake wakaja kunitazama, maana mjane hutazamwa, nikawauliza.

Jirani wa kulia akasema, "Nzuri, kama bizari."

Jirani wa kushoto akasema, "Bizari? Ile ni rangi ya embe bovu, msimdanganye."

Shoga yangu mmoja wa tangu utoto, mdomo wake hauna mlango, yeye akasema, "Dada, wamjua mtoto mchanga aliyekunywa maji ya mchele?"

Nikamwambia wacha, nimeelewa.

Kumbe sikuelewa. Siku ya pili yake shemeji apaka mbao za madirisha, tone likapenya likaniangukia kwenye kanga yangu nyeupe ya eda. Kijani. Kijani kibichi cha jani la mgomba! Nikasema, hawa wanawake wote vipofu, nyumba ni ya kijani. Siku kadhaa nikawa mjane wa nyumba ya kijani. Kisha fundi akasikika akimwambia shemeji, "Ile ya manjano yatosha ubavuni?" Nikavua kanga nikaitupa.

Na si rangi tu. Ndani nako kukaanza mambo. Nyumba zetu hizi za matumbawe, sijui ni chumvi ya bahari iliyomo kwenye jiwe, sijui nini, lakini zina namna yake. Zamani ukiweka kiganja ukutani ni baridi, kukavu. Sasa nikilala, asubuhi ukuta umelowa jasho. Mkeka umelowa. Juzuu za marehemu zilizokuwa kwenye shubaka nikazikuta zimejikunja kama bajia. Nje wapita njia wasimama, nawasikia, "Mashallah, bwana, nyumba imekuwa mpya!" naye ajibu, "Bado, bado, ngojeni nguzo." Na mie ndani napangusa ukuta kwa kitambaa kama mtu apangusaye mgonjwa wa homa.

Nikamwambia wifi, "Mwambie nyumba yatokwa na jasho."

Akaenda. "Shemeji yako asema nyumba imekuwa ya joto joto, vizuri."

Mungu wangu nisamehe, siku ile nilitamani eda iishe nimpige mtu.

Mwanangu alikuja wakati huo kunitazama, akasimama nje kwanza na ami yake wakatazama nguzo zitakapokaa. Alipoingia uso wake wang'ara. Nikamwambia, "Baba, ami yako ataka kuvunja baraza. Zungumza naye." Akanishika mkono. Akasema, "Mama, wewe umeshachoka na mahamri. Utapumzika kwangu. Pazia nimeshanunua." Akanieleza mpaka maua yaliyoko juu ya lile pazia. Waridi jekundu. Mtoto wako akikupenda vile utamwambia nini? Lakini nikajua, upande ule hakuna msaada.

Basi. Eda ikakaribia ukingoni, nyumba imepakwa mpaka juu, limebaki baraza peke yake. Alasiri moja nasikia shemeji amwambia fundi, wazi wazi, hapo hapo chini ya dirisha langu:

"Kesho uje mapema na mtaimbo. Tuanze na hili la kulia. Mpaka adhuhuri yote mawili yawe chini."

"La kulia gumu hili," fundi akasema, akaligonga kwa kisigino. "Wazee walijenga."

"Ndiyo maana nasema mapema."

Ada ilinishika mdomo, lakini mkono haikuushika. Nikachukua mchi nikaugonga mlango wa dirisha, ngo! ngo! ngo! Kisha fundi akauliza, "Nini hicho?" Shemeji akajibu, "Ni shemeji, afurahi." Afurahi!

Nikakaa chini. Wifi akaketi mbele yangu, naye sasa macho yamemlegea, ameona haya. Akasema, "Wifi, kesho nitamwambia kweli kweli."

"Kesho utamwambia Mungu amlipe heri, nakujua."

Akacheka kidogo, maskini, na mie nikacheka nikiwa na hasira zangu, maana ni kweli. Ndipo nikafikiri. Wanaume wa nje siwezi kusema nao. Wifi hawezi kusema kitu. Lakini jiko ni langu, na jiko halijakatazwa. Nikamwambia, "Kuna unga?"

"Upo."

"Nazi?"

"Zipo. Za nini?"

"Roweka mbaazi."

Alinitazama kama nimepandwa na shetani. "Wifi! Umo eda! Mjane akaanga mahamri ya biashara, watu watatula nyama!"

"Nani kasema biashara? Kesho nitamtolea mume wangu sadaka. Ndugu yako huyo, hatumtolei sadaka? Watu wakitoka msikitini wale, wamwombee dua. Wewe ndiye utakayetoa sinia nje. Mie simo."

Hapo alikwama. Amkataze mtu sadaka ya ndugu yake? Akafunga kibwebwe, akaenda kukuna nazi.

Unga niliukanda mwenyewe magharibi, kwa tui zito na iliki nyingi, iliki ya kutosha kuamsha mtaa. Nikaufunika ukaumuka. Hata adhana ya alfajiri haijatoka, karai iko motoni. Na miezi yote ile watu wale hawajanusa mahamri yangu! Harufu ikatoka dirishani, ikaelekea msikitini, nadhani wengine sala yao siku ile waijua wenyewe. Wakatoka. Wakaja moja kwa moja, kama zamani, miguu yao yaijua njia. Wifi akatoa sinia ya kwanza akasema, na safari hii alisema vile vile nilivyomwambia, neno kwa neno, maana lilikuwa neno zuri, "Karibuni, ni sadaka ya marehemu."

Wakakaa. Baraza la kulia likajaa, la kushoto likajaa. Bismillahi zao, kikombe cha chai chapita mkono kwa mkono, mbaazi zamwagikia vidole.

"Ah! Mjane ametukumbuka."

"Mungu ampe mumewe nuru kaburini, alikuwa mtu wa kusogea, si kama wewe. Hebu sogea."

"Nisogee wapi, nikae juu ya rangi?"

Mie nyuma ya dirisha nakaanga, nasikia, machozi yanitoka, moshi na kisicho moshi. Kisha nasikia, "Mulamukadze!" Fundi. Amekuja mapema alivyoambiwa, mtaimbo begani. Wakamwambia, "Weka chuma hicho chini, ndugu, ule." Akasema ana kazi. Wakamwambia, "Kazi gani na mikono mitupu?" wakamtilia hamri kwenye kiganja. Nasikia kimya kidogo cha mtu atafunaye. Kisha nasikia ule mwili wake mnene washuka barazani, phu, na chuma chawekwa chini, kling.

Shemeji ndiye aliyekuja mwisho, ametoka kusali msikiti wa upande wa pili. Nilikuwa nimeweka jicho kwenye ufa wa mbao, nikaona kipande chake, kutoka magotini mpaka chini. Viatu vya hoteli. Vikasimama.

"Nini hapa?"

"Karibu, bwana! Sadaka ya kaka yako."

"Fundi! Nimekwambia uvunje, si ukalie!"

"Nakula kwanza, bwana."

"Utakula mpaka lini?"

Mzee mmoja, alikuwa akisomesha chuoni, akamwambia kwa upole, "Kijana, watu wako kwenye sadaka ya ndugu yako. Utawainua watu kwenye sadaka ya ndugu yako?"

Shemeji akarudi hatua moja nyuma. Ningemwonea huruma kama nisingekuwa na hasira naye. Kisha wifi, yule yule wifi, akatoka na hamri la moto kwenye sahani, akampa, na mie nasikia kwa masikio yangu akisema, "Mdogo wangu, shemeji yako asema baraza lisivunjwe. Alisema tangu siku ya kwanza. Mimi ndiye niliyekuwa nikikutilia sukari."

Karai ilitaka kunianguka.

"Tangu siku ya kwanza?" shemeji akauliza.

"Tangu siku ya kwanza. Alisema ukilivunja umemvunja miguu."

"Na ile ngo ngo ngo ya jana?"

"Haikuwa furaha."

Watu wakacheka mpaka mwingine akapaliwa na mbaazi. Shemeji hakucheka. Alikula hamri lake amesimama, akachukua la pili. Akasema, "Basi. Lakini siwezi kuliacha hivi, nyumba mpya na baraza la kizamani, nitaonekana sikumaliza kazi."

Nikajisemea, haya, mradi halivunjwi, na afanye apendavyo. Ningejua.

Kila asubuhi nikaendelea na ile sadaka, nisimwamini, mpaka siku za eda zikabaki chache. Na jioni moja, watu wako msikitini, shemeji akaja na mikebe yake iliyobaki, akalipaka baraza lote rangi ya mafuta, kijani kile kile cha mgomba. Hakumwambia mtu. Kwa hewa ya kwetu, na unyevu ule wa jiwe, rangi ile haikuwa na nia ya kukauka. Alfajiri watu wakatoka msikitini, kuna giza giza, kila mtu na kanzu yake nyeupe, wakaja wakakaa. Wakala. Wakaomba dua. Wakainuka.

Sikuona, nimo ndani. Nilisikia tu sauti kama ya ngozi yachunwa, kisha mtu akasema, "Subhanallah, nyuma yako." Na mwingine, "Na wewe nyuma yako!" Mitaa yote ile siku hiyo ilijua nani alikula kwangu. Wake zao wakaja mmoja mmoja na kanzu mikononi, wamefura, "Mama, hii yatolewa na nini?" Mie mjane, niko eda, ndiye niliyeulizwa. Nikawaambia mafuta ya taa. Mafuta ya taa hayakuitoa.

Siku ya kutoka eda ikafika. Nikaogeshwa, nikavishwa nguo mpya, nikafukizwa udi baada ya miezi yote ile, nikavaa buibui, wifi akanishika mkono akanifungulia mlango. Jua likanipiga machoni. Watu wamejaa. Nikapiga hatua mbili mtaani, nikageuka.

Si bizari. Si embe. Si mtoto mchanga. Ilikuwa rangi ambayo sijaiona kabla wala baada, kama mtu alichanganya hayo matatu na kuyatia moto. Na kwenye ukuta wa jua, ile rangi ilikuwa imeanza kuvimba, imefura mapele mapele, kila moja duara limejaa hewa, kama mahamri kwenye mafuta. Nikalibonyeza moja kwa kidole. Likapasuka, maji yakatoka. Jasho lile la chumbani kwangu.

Shemeji amesimama pembeni, amevaa kanzu safi, anitazama usoni kama mtoto aliyeleta karatasi ya mtihani. Miezi yote ile nilikuwa nimemwekea maneno, nimeyapanga, mengine nimeyarudia usiku yasinipotee. Nikafungua mdomo.

"Shemeji yako asema ahsante sana," wifi akadakia.

"Wifi! Leo nina mdomo wangu!"

Kicheko kilichotoka pale, mpaka shemeji mwenyewe akacheka, akajifunika uso. Basi maneno yote niliyoyapanga yakanitoroka. Nikamwambia, "Shemeji, nyumba umeiharibu. Baraza umeliacha. Mungu akulipe heri." Na hilo wifi hakulitia kitu.

Mwanangu alikuwepo, na pazia lake kwenye mfuko. Nililichukua, nikalitundika mlango wa jikoni, likanikinga moshi miaka mingi. Mvua za masika zilipokuja ile rangi ilianguka vipande vipande kama ngozi ya mtu mwenye surua, na shemeji akaja na debe la chokaa, chumvi na nili, akapaka kimya kimya.

Lakini kijani cha baraza kilikuwa kimeshaingia kwenye matundu ya jiwe, kimekataa kutoka. Kipo mpaka leo, kijani kijani mle vitunduni. Asubuhi ya pili baada ya eda nilikaanga, na wateja wangu wakaja. Na kila mmoja, kabla ya kukaa, alinyoosha kidole kwanza akaligusa baraza, akakitazama kidole, ndipo akakaa. Wale wazee wengi wamekwenda zao. Lakini watoto wao wakija kwangu alfajiri, hata hawajui kwa nini, nao hunyoosha kidole.